Miaka 31 ya masjala, na tamthilia moja ya Leeds

Mpwa wangu ni mlezi wa wazee huko Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Anaingia kazini saa mbili usiku na kurudi asubuhi. Nilipokwenda kumtembelea majira ya baridi nilidhani nitapika, nitashona, nitalala. Usingizi ukakataa. Kule mwezi wa Desemba jua linazama saa kumi jioni, na mtu wa Tanga hajui afanye nini na usiku mrefu kiasi kile. Siku ya tatu akaniwashia televisheni akiwa ameshavaa koti la kutokea. "Mama mkubwa," akasema, "hii itakuonyesha mji huu ulivyokuwa zamani. Ukiogopa, zima."

Ilikuwa The Long Shadow, tamthilia ya mwaka 2023 ya ITV, kituo cha televisheni cha Uingereza, sehemu saba, iliyoandikwa na George Kay na kuongozwa na Lewis Arnold. Inahusu msako wa muuaji mmoja uliowachukua polisi wa West Yorkshire miaka mitano na zaidi.

Sikuogopa. Nilichopata ni hasira, nami nikaishangaa, maana haikuanzia kwenye maiti. Ilianzia kwenye chumba. Chumba cha polisi, meza zimebanana, moshi wa sigara, na kadi kila mahali: kwenye masanduku, kwenye trei, mikononi mwa watu wenye macho mekundu. Nilisimamisha picha nikaenda kuchemsha maji ya chai. Nimefanya kazi masjala miaka 31. Chumba kile nakijua hadi harufu yake.

Kwa asiyewahi kuajiriwa serikalini: masjala ndipo majalada yanapolala. Barua ikiingia inagongwa muhuri, inaandikwa kwenye rejista, inapewa namba ndani ya jalada, jalada linapelekwa kwa ofisa, ofisa anaandika dokezo, jalada linarudi. Ofisi ni hiyo. Mengine yote, mabosi na magari na semina, ni mapambo. Jalada likikosekana tunafungua la muda, na la asili likionekana yanatakiwa yaunganishwe. Mara nyingi hayaunganishwi. Basi mtu mmoja anakuwa na majalada mawili, kila moja linajua nusu ya habari zake, na ofisa aliyeletewa moja hajui kama kuna la pili. Kisha kuna majina. Athumani, Asumani, Othman, Uthman: mzee ni mmoja, herufi zimemgawa watu wanne.

Nimesema hayo mapema ili msomaji ajue nilikuwa natazama kwa jicho gani. Wengine walitazama tamthilia ya mauaji. Mimi nilitazama tamthilia ya masjala.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Kati ya mwaka 1975 na 1980 Peter Sutcliffe, dereva wa lori wa Bradford, aliwaua wanawake 13 na kujaribu kuwaua wengine saba. Hao ndio aliotiwa hatiani kwa ajili yao Mei 1981. Silaha aliyoitumia zaidi ni nyundo. Katika miaka hiyo polisi walimhoji mara tisa. Narudia, mara tisa, walikaa naye uso kwa uso, wakaandika, wakaenda zao. Alikuja kukamatwa tarehe 2 Januari 1981 mjini Sheffield, nje ya eneo la polisi waliokuwa wakimsaka, na askari wawili wa doria waliokuta gari limeegeshwa gizani. Waliuliza namba ya gari, wakaambiwa si ya gari lile. Ndiyo hiyo tu. Sutcliffe aliomba kwenda haja ndogo, akaficha nyundo na kisu pembeni ya tangi. Sajini Robert Ring, aliporejea zamu usiku uliofuata na kusikia kwamba yule mtu bado anahojiwa, akakumbuka ile haja ndogo, akarudi pale na tochi.

Tamthilia haina haraka na Sutcliffe. Humwoni sawasawa mpaka karibu na mwisho, na jina la tamthilia, ambalo mwanzo lilikuwa lile la kutisha alilobandikwa na magazeti, lilibadilishwa baada ya mazungumzo na ndugu wa waliouawa. Inaanza na Wilma McCann, mama wa watoto wanne, miaka 28, aliyeuawa Oktoba 1975 karibu na nyumbani kwake. Wawili kati ya watoto walitoka alfajiri kwenda kumtafuta kwenye kituo cha basi. Halafu inahamia kwa Emily Jackson na mumewe Sydney, watu wa kuezeka mapaa, madeni yamewafika shingoni. Wameigizwa na Katherine Kelly na Daniel Mays, na kwa muda mrefu hakuna kinachotokea isipokuwa maisha: bili, watoto, mume na mke wanaoogopa kutazamana. Nilianza kuchoka. Kisha nikaelewa kwamba nimefanywa nimfahamu mtu kabla hajawa namba.

Chumba chenye kadi kilikuwa kituo cha polisi cha Millgarth, katikati ya Leeds. Kituo chenyewe hakipo tena, kilibomolewa. Karatasi zilijaa humo hadi ikabidi sakafu iimarishwe isije ikaanguka. Kadi za watu, kadi za magari, kadi za mitaa, maelezo ya mashahidi, simu za raia wema na za raia wasio na kazi. Hapakuwa na kompyuta ya kuziunganisha. Ukimwandika mtu kwa sababu ya gari lake na mwenzako akamwandika kwa sababu nyingine, kadi mbili zinakaa chumba kimoja kama majirani wasiosalimiana.

Na Sutcliffe alikuwa humo. Tena kabla ya mauaji yote, mwaka 1969, alishakamatwa usiku akiwa na nyundo, akashtakiwa kwa kukutwa na kifaa cha wizi. Nyundo! Karani mwenye kadi ya "nyundo" angemtoa dakika kumi. Lakini nani aliyefungua kadi ya nyundo? Watu hupanga karatasi kwa swali wanalojua kuuliza.

Niieleze habari ya noti, kwa sababu hapo ndipo nilipopiga kelele peke yangu sebuleni. Oktoba 1977 Jean Jordan aliuawa Manchester. Katika mkoba wake palikutwa noti mpya ya pauni 5, imefichwa mfuko wa ndani. Sutcliffe alikuwa amempa. Alipohisi kwamba noti ile itamponza alirudi siku kadhaa baadaye, mwili ukiwa bado haujaonekana, akaitafuta asiione. Polisi wakaipata. Benki iliyoitoa ikajulikana, kampuni zilizolipa mishahara kwa fungu lile zikajulikana, orodha ikafika kwenye wafanyakazi kama 8,000. Hebu fikiri: nchi yenye mamilioni ya wanaume, na karatasi moja imekusogeza hadi kwenye 8,000. Hiyo ni kazi safi, mimi ningevua kofia. Novemba ile wakamhoji Sutcliffe nyumbani. Akasema usiku ule muuaji aliporudi kwenye mwili yeye alikuwa na wageni nyumbani, familia ikamuunga mkono, wakamwandika, wakaenda kwa anayefuata. Baada ya miezi mitatu zoezi likasimamishwa. Mwanzoni mwa 1980 wakalirudia kwa hesabu bora zaidi na orodha ikashuka kutoka maelfu hadi mia chache tu. Sutcliffe alikuwemo tena. Wakamhoji tena. Akaachwa tena.

Utauliza, iliwezekanaje? Jibu la tamthilia, na nadhani ni sahihi, ni kwamba kufikia 1980 watu wale hawakuwa tena wanatafuta muuaji. Walikuwa wanatafuta sauti.

Mwaka 1978 zilianza kufika barua zenye muhuri wa Sunderland, za mtu aliyejifanya ndiye. Juni 1979 ikafika kaseti. Ilielekezwa kwa George Oldfield, mkubwa aliyesimamia msako, kwa jina lake. Inamcheka, inamwambia hajasogea hata hatua moja tangu mambo yaanze. Oldfield, ambaye David Morrissey amemwigiza kama mtu anayeoza polepole ndani ya suti, akaiamini. Kaseti ikachezwa mbele ya waandishi wa habari, ikachezwa redioni, kwenye baa, kwenye vilabu vya wafanyakazi. Ilifunguliwa namba ya simu ya kuisikiliza. Wataalamu wa lahaja wa Chuo Kikuu cha Leeds wakaitega sikio wakasema sauti hii ni ya Castletown, kitongoji cha Sunderland, na hapo hawakukosea hata kidogo. Walionya pia kwamba huenda ni ya mzushi. Onyo hilo halikupewa uzito. Tangu hapo, mwanamume asiye na lafudhi ya kaskazini mashariki alikuwa na uwezekano mkubwa wa kuvuka salama.

Mwenye sauti alikuwa mlevi mmoja, John Humble. Alikuja kujulikana mwaka 2005 kwa mate aliyobandikia bahasha, akafungwa miaka minane mwaka uliofuata. Baada ya kaseti na kabla ya Sutcliffe kukamatwa, waliuawa wanawake wengine watatu.

Sasa nitasema jambo ambalo sijaliona kwa wahakiki, labda kwa sababu wao hawajawahi kupokea barua za ofisi. Barua iliyoandikwa jina la bosi haikai kwenye trei. Haifunguliwi na karani. Inapita juu kwa juu, inawekwa mezani, na bosi akishaisoma inakuwa yake, kama mtoto. Humble, mlevi wa Sunderland, alijua bila kufundishwa jambo ambalo kila mwenye shida kwenye korido za ofisi zetu analijua: andika jina la mkubwa juu ya bahasha.

Linganisha na karatasi mbili nyingine.

Ya kwanza ni ya Julai 1979. Askari mpelelezi kijana, Andrew Laptew, na mwenzake walikwenda nyumbani kwa Sutcliffe kwa sababu gari lake lilikuwa limeonekana katika mitaa ya wanawake wanaojiuza kwenye miji tofauti. Laptew hakumpenda mtu yule. Majibu yalikuwa mepesi mno, na uso ulifanana na picha iliyotungwa kwa maelezo ya manusura, Marilyn Moore: ndevu, masharubu, hata mwanya. Akaandika ripoti akasema mtu huyu aangaliwe zaidi. Alipompelekea mkubwa wake aliulizwa kuhusu lafudhi. Si ya Sunderland, ni ya Bradford. Ripoti ikakaa kwenye rundo miezi, kisha ikaandikwa maneno ninayoyajua kuliko jina la marehemu mume wangu: *iwekwe jaladani*.

Ya pili ni ya Novemba 1980. Rafiki wa Sutcliffe, aliyekuwa naye usiku wa shambulio mojawapo miaka mitano kabla, aliandika barua bila jina lake, akataja jina la Sutcliffe na mahali anapofanya kazi. Kisha akaenda kituoni mwenyewe akarudia kwa mdomo. Barua ilisomwa, ikapewa alama ya umuhimu wa kwanza kabisa, ikatengenezewa kadi. Ikawekwa kwenye trei isubiri. Ilikuwa bado kwenye trei Sutcliffe alipokamatwa Sheffield.

Naomba nisieleweke vibaya, siwacheki makarani wa Millgarth. Trei hujaa. Mimi nimeona trei zikijaa hadi zikawa masanduku, masanduku yakawa ukuta, na ukuta ukawa mahali pa kuegemea unapokula maandazi saa nne. Kuna askari wa kike ndani ya tamthilia, Meg Winterburn, ameigizwa na Liz White, na kila alipoonekana nilitamani kamera imsahau Oldfield ikae naye nusu saa. Hapa ndipo ninapogombana na George Kay. Ametupa wanaume wengi mno wanaotazama madirisha kwa huzuni. Sehemu ya nne na ya tano zinavuta miguu kwa sababu hiyo. Anayeshika kadi ndiye ninayetaka kumjua: aliona nini, alimwambia nani, na alijibiwaje?

Karatasi ikikosekana watu husema "bahati mbaya". Masjala hakuna bahati mbaya nyingi hivyo. Jalada la mkandarasi mkubwa halijawahi kupotea mikononi mwangu hata siku moja. Yaliyopotea yote yalikuwa ya walimu wa vijijini, ya vibarua, ya wajane.

Hapo nimfikie Marcella Claxton.

Mpwa wangu anakaa Chapeltown, mtaa ambao watu wa Karibiani walihamia tangu miaka ya hamsini na sasa una kila mtu, nasi tumo. Ukipanda basi kuelekea kaskazini unafika bustani ya Roundhay, kubwa kweli, na pembeni yake kuna uwanja wa wazi unaoitwa Soldiers' Field. Nilikwenda siku moja mchana, baada ya kumaliza sehemu ya tatu. Nyasi, mbwa, watoto wanapiga mpira kwenye tope. Nilisimama kama dakika tano, baridi ikanifukuza.

Hapo, Mei 1976, Marcella, mzaliwa wa St Kitts, miaka 20, mjamzito wa miezi minne, alipigwa nyundo kichwani na mzungu mwenye ndevu aliyempa lifti. Alijikokota hadi kwenye kibanda cha simu. Akiwa ndani akiita msaada alimwona mtu yule amerudi na gari, anamtafuta. Alipona. Mimba haikupona. Aliwaeleza polisi mtu yule alivyo, akawaambia pia kwamba yeye hajiuzi. Na hilo likamponza, maana polisi walishaamua muuaji anawinda wanawake wanaojiuza, na asiyejiuza si wa kesi hii. Shambulio lake likawekwa kando. Februari 1977 maiti ya Irene Richardson ilikutwa kwenye uwanja uleule. Jasmine Lee-Jones, anayemwigiza Marcella, ana tukio moja kituoni ambapo anajibu maswali na unaona usoni mwake namna anavyogundua kwamba haulizwi ili asaidiwe. Sijawahi kuona uso ule kwenye filamu. Nimeuona dirishani kwangu mara nyingi.

Na Marcella hakuwa peke yake. Mwaka 1975, kabla ya Wilma, msichana wa miaka 14, Tracy Browne, alitembea na Sutcliffe njia ya shamba zaidi ya kilomita moja, wakizungumza, kabla hajampiga. Alimwona vizuri kuliko mtu yeyote. Picha iliyotungwa kwa maelezo yake ni Sutcliffe mtupu. Lakini yeye ni mtoto wa shule wa kijijini, hafanani na orodha. Picha yake haikuunganishwa na msako.

Tazama walivyowafanya wanawake hawa: anayejiuza hakuhurumiwa, asiyejiuza hakuaminiwa. Kelele kubwa ya wananchi ilikuja Juni 1977 alipouawa Jayne MacDonald, msichana wa miaka 16 anayefanya kazi dukani. Hapo ndipo magazeti na polisi walipoanza kutumia neno "asiye na hatia", kana kwamba wanne waliomtangulia walikuwa nayo. Sisi nasi tusijifanye. Kwetu Tanga changu ni samaki mtamu, lakini ongeza "doa" uone jinsi habari ya mwanamke aliyekufa inavyofupishwa. Nimekaa kwenye vibaraza vya kutosha kusikia ikifupishwa.

Mpaka mahakamani ilikuwa vile. Mwaka 1981, Old Bailey, mwanasheria mkuu wa serikali, Sir Michael Havers, akifungua kesi alisema kwamba baadhi ya waliouawa walikuwa makahaba, lakini pengine jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba baadhi hawakuwa. Wanawake waliandamana nje ya mahakama. Miaka minne kabla, Novemba 1977, wengine walishaandamana usiku katika mitaa ya Leeds, kwa sababu ushauri wa polisi kwa wanawake ulikuwa: kaeni ndani. Nilipomsimulia mpwa wangu akacheka kicheko kikavu. Yeye huyo anasubiri basi peke yake saa moja na nusu usiku, kwenye giza la kule, kwenda kuwageuza wazee wa watu vitandani.

Wa mwisho kuuawa alikuwa Jacqueline Hill, mwanafunzi wa chuo kikuu, miaka 20, Novemba 1980. Usiku uleule mkoba wake uliokotwa ukiwa na damu, polisi wakaitwa, wakamulika tochi kidogo, wakaondoka. Mwili ulikuwa palepale karibu, uliokotwa asubuhi. Mama yake aliishtaki polisi. Nilikuwa namweleza mwanangu haya kwa simu, yeye alisoma sheria Mlimani, akanikatisha: "Mama, hiyo kesi ninaijua. Tuliisoma." Akanipa uamuzi wake hapohapo, kama mtu anayesoma aya: mwaka 1988 majaji wa juu wa Uingereza walisema polisi hawadaiwi fidia na mtu mmoja mmoja kwa uzembe katika kumtafuta mhalifu asiyejulikana. "Walimu wanaipenda sana," akasema. Nikamuuliza kama walifundishwa pia habari ya mkoba. Hakuna aliyewaambia habari ya mkoba.

Serikali iliagiza uchunguzi wa msako ule. Lawrence Byford, mkaguzi wa polisi, alimaliza ripoti Desemba 1981: kasema habari ya chumba cha kadi, kasema habari ya kaseti, kasema wazi kwamba Sutcliffe alipaswa kukamatwa mapema. Kutokana na aibu ile polisi wa Uingereza walipata mfumo wa kompyuta wa kuunganisha taarifa za kesi kubwa. Na ripoti yenyewe? Iliwekwa jaladani. Wananchi waliisoma 2006, miaka karibu 25 baadaye. Nilicheka hadi nikamwaga chai kwenye zulia la watu.

Sutcliffe alifia kifungoni Novemba 2020. Siku hiyohiyo mkuu wa polisi wa West Yorkshire aliomba radhi kwa lugha iliyotumika zamani kuwahusu wanawake wale. Miaka 45 tangu Wilma.

Nilimaliza sehemu ya saba karibu alfajiri. Sutcliffe amekamatwa, maofisa wanapongezana mbele ya kamera kwa kazi ambayo si yao, nami nilikuwa nawaza kitu kingine kabisa.

Miaka ya tisini alikuwa akija mama mmoja kwenye dirisha langu. Mumewe alikuwa mtumishi, amefariki, anafuatilia mafao. Jalada halionekani. Nikafungua la muda. Alirudi mwezi uliofuata, na uliofuata. Ofisini wakampa jina, "Mama Kesho", kwa sababu ndilo jibu tulilompa, na wengine wakasema si mke halali, ni mwanamke tu aliyekuwa akiishi na marehemu. Maneno yale hayakuandikwa popote lakini yalifika kila meza. Aliniambia zaidi ya mara moja kwamba jina la mumewe linaandikwa kwa namna mbili, nitazame na ile ya pili. Nilimwambia nimeshatazama. Sikuwa nimetazama. Kabati la pili lilikuwa chumba cha nyuma, funguo zilikuwa kwa mtu mwingine, na saa ya chai ilikuwa imefika.

Jalada lilionekana tulipohamisha ofisi. Lilikuwa palepale ambapo angelikuta mtu yeyote aliyefuata ile tahajia ya pili. Kufikia wakati huo yule mama alikuwa ameshaacha kuja. Nilichukua la asili na la muda, nikayafunga pamoja kwa kamba kama taratibu zinavyotaka, nikapeleka kwa ofisa, naye akaandika dokezo, likarudi. Najua alichoandika. Nimeshakitaja hapo juu.

Mpwa wangu aliporudi saa mbili asubuhi alinikuta bado niko kwenye kochi, televisheni imezimwa. Akadhani nimeogopa. Nikamwambia hapana, nilikuwa najaribu kukumbuka jina la mtu. Namba ya lile jalada ninayo kichwani mpaka leo, herufi mbili na tarakimu nne, naweza kuitaja usingizini. Jina la mama yule, pamoja na kwamba nililiandika kwa mkono wangu, haliji.